Haki ya Kizingiti

Gari kutoka mji wa Mwamba liliposimama mbele ya lango la mji wa Kisima, Subilaga Mwaisumo hakungoja ngazi ishushwe. Aliruka, akatua taratibu kama watu wa Mirihi wanavyotua, akaanza kutembea kabla vumbi jekundu halijatulia. Nyuma yake dereva, Anselmo, alimwita kupitia redio ya suti.

"Mwalimu, ningoje basi. Lango halikimbii."

"Nimengoja vya kutosha," alijibu bila kugeuka.

Lango la nje lilifunguka, wakaingia, likafungwa nyuma yao. Hewa ikajaa chumbani kwa mvumo. Subilaga alivua kofia ya kioo, na harufu ya Kisima ikamvaa mara moja: chuma chenye unyevu, sabuni, vitunguu kutoka bustani za chini. Alikuwa ameisahau kabisa.

Sakafuni mbele yake kulikuwa na ufito wa shaba uliolazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Huo ndio uliokuwa kizingiti. Kabla ya kutekwa, Subilaga ndiye aliyekuwa akiwafundisha vijana wa mji maana yake. Warumi, alikuwa akiwaambia, walikuwa watu wa vita, na watu wa vita hutekwa. Raia aliyetekwa aligeuka kuwa mtumwa wa adui, na mtumwa hakuwa na mke wala mtoto wala shamba. Ili vitu vyake visipotee, sheria ilijifanya kwamba mtu yule alikufa saa ile ile aliyokamatwa. Lakini akirudi, akakanyaga ardhi ya kwao, sheria ilijifanya kitu kingine: kwamba hakupata kuondoka. Haki zake zote zilimrudia pale pale mpakani. Warumi walilitoa jina la haki hiyo katika neno lao la kizingiti cha nyumba, na Kisima walilifuata.

Mlinda lango, Lekishon, mtu mnene mwenye ndevu za mvi, alisimama upande wa pili wa ufito. Alimtambua. Midomo yake ilicheza bila kutoa sauti.

"Lekishon, hunisalimii?"

"Vuka kwanza, mwalimu," alisema, macho yake yakiwa chini. "Vuka, tafadhali."

Akavuka. Alikuwa ameiota hatua ile mara nyingi akiwa kifungoni, na katika ndoto zake sauti ya Pretori ilikuwa ikisema: karibu nyumbani, raia. Pretori ilikuwa mashine iliyoendesha sheria za Kisima, na taa yake ndogo ya kijani iliwaka kwenye kila ukuta wa mji. Sasa taa iliwaka, lakini sauti ilikawia.

"Subilaga Mwaisumo," ilisema mwishowe. "Umevuka kizingiti. Kuna kipingamizi."

"Kipingamizi cha nani?"

"Cha Tusekile Mwaisumo. Anadai hukutekwa. Anadai ulibaki Mwamba kwa hiari yako. Anayejitoa kwa adui kwa hiari hana haki ya kizingiti."

Subilaga alidhani amesikia vibaya. Tusekile alikuwa mdogo wake. Ndiye aliyekuwa akimlelea binti yake, Lugano, tangu wakati mtoto ndiyo kwanza anajifunza kuunganisha maneno.

"Rudia," alisema.

Pretori ikarudia, neno kwa neno.

Alitembea hadi kwenye bomba la ukutani akaweka kiganja chake ili anywe maji. Bomba halikutoa kitu. Mpaka kesi iamuliwe, kisheria hakuwa hai wala hakuwa amekufa, na mtu wa namna hiyo hana mgao wa maji. Lekishon alimsogeza pembeni kwa upole, akaweka kiganja chake mwenyewe, akakinga kikombe, akampa.

*

Walimweka katika chumba cha pembeni ya lango, yeye na Anselmo, aliyetakiwa kupumzika kabla ya kurudi kwao. Siku hiyo hiyo Tusekile alikuja. Alikuwa amenenepa kidogo, na alivaa koti la baraza, lile la kijivu ambalo zamani lilikuwa la Subilaga. Mkononi alikuwa na sahani ya viazi vya kuokwa. Anselmo alipomwona alishtuka kidogo, kisha akatoka nje bila neno.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Nimekuletea chakula."

"Lugano yuko wapi?"

"Shuleni."

"Anajua nimerudi?"

Tusekile aliweka sahani mezani, akaipangusa ukingo ambao haukuwa mchafu. "Anajua kuna mtu amekuja kutoka Mwamba."

"Tuse. Niambie mashine imekosea."

"Haijakosea."

Alikaa kwenye kitanda cha pili, mikono katikati ya magoti, namna alivyokuwa akikaa utotoni akingoja kugombezwa. Akaeleza. Siku ile aliyorudi peke yake kutoka Mwamba, walikotumwa wote wawili kujadili mgawanyo wa barafu, watu walimzunguka pale langoni. Kila mmoja aliuliza: mwalimu yuko wapi?

"Ningewaambia nini? Kwamba tulishikwa wawili nikamwacha mmoja? Unajua anavyofanywa mjumbe anayemwacha mwenzake. Hawezi kushuhudia tena, hawezi kushika kazi ya mji, hawezi kulea mtoto wa mtu. Wangemchukua Lugano siku ile ile. Nikasema umebaki mwenyewe. Nikasema Mwamba wamekupa nyumba na cheo, ukapenda. Nilidhani nitarekebisha baadaye."

"Nilikutuma useme wanataka barafu ili waniachie. Hukusema?"

"Nikishasema umebaki kwa hiari, ningeombaje fidia?"

Miaka yote ile Subilaga aliamini baraza la Kisima lilikuwa likijadiliana. Walinzi wa Mwamba walipomcheka kwamba amesahaulika, aliwajibu kwa kiburi. Watu wangu ni wagumu, aliwaambia, watabishana juu ya kila tofali la barafu, lakini watakuja.

"Kwa hiyo hakuna aliyejua," alisema.

"Hakuna."

"Nimekaa kule kwa sababu yako."

"Dada, nisikilize." Tusekile alisogea mbele, sauti yake ikiwa laini. "Ukiacha kesi, Pretori itakuandikisha kama mgeni. Wageni wana vyumba upande wa mashariki, wana maji, wana joto. Utamwona Lugano. Nitamwambia wewe ni mama yake mkubwa."

"Mama mkubwa."

"Ananiita mama. Sikumfundisha. Alianza mwenyewe."

"Nilipoondoka alikuwa akikuita mama mdogo. Nilimfundisha mimi. Nani alimfundisha kuacha?"

Uso wa Tusekile ukabadilika. Ule ulaini ukaondoka, akabaki mjumbe wa baraza aliyevaa koti la kijivu.

"Ukiendelea na kesi utashindwa. Pale Mwamba ulisema kwa kinywa chako, 'Mimi nitabaki.' Nitayarudia maneno hayo na yatakuwa kweli. Wewe mwenyewe ulitufundisha darasani kwamba mtu aliyebanwa akachagua, amechagua. Hiari iliyobanwa bado ni hiari. Nilikuwa nimekaa mbele. Niliandika."

"Niliwafundisha pia kwamba Pretori inaweza kumrudishia haki zake aliyechagua kwa hofu."

"Kama ana shahidi," Tusekile alisema, akainuka. "Viazi vitapoa."

*

Anselmo aliporudi alimkuta Subilaga hajagusa sahani. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliyekuwa mlinzi wa gereza la Mwamba kabla miji miwili haijapatana na kuanza kurudishiana mateka. Alizunguka chumba, akakaa, akainuka.

"Yule ndiye mliyekuwa naye siku ile?" aliuliza.

"Ndiye. Mdogo wangu."

"Ndiye yule ambaye kila siku ulikuwa ukisema anakulelea mtoto?"

"Ndiye huyo huyo. Kwa nini?"

Anselmo alikuna shingo. "Unakumbuka mlihojiwa mmoja mmoja. Yeye ndiye aliyetangulia."

"Nakumbuka. Alitoka analia. Aliniambia mmeamua kumbakiza yeye, na mimi nirudi na masharti. Alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana. Ndipo nikamwambia mkuu wenu, mimi nitabaki, mwacheni huyu aende."

"Hatukuwa tumeamua," Anselmo alisema.

Subilaga alimwangalia.

"Nilikuwa mlangoni, mwalimu, nilisikia yote. Mkuu alimwambia mmoja atabaki na mmoja atakwenda, halafu akamwuliza yeye achague. Hakumtisha hata kidogo. Akasema, 'Mshikeni dada. Ana mtoto mdogo, Kisima hawatakubali mtoto akae bila mama, watalipa haraka.' Mkuu akasema, sawa, lakini dada yako atakubali? Akajibu, 'Niachieni mimi, nitamfanya aseme mwenyewe.'"

Mashine ya hewa iliguruma juu ya dari, ikatulia.

"Kwa nini hukuniambia miaka yote hii?"

"Nilidhani unajua! Nilidhani mlikuwa mmepanga pamoja. Ulivyokuwa ukimtaja kwa wema, nikasema hawa ni ndugu wa namna yao."

Subilaga hakulia. Alikuwa anakumbuka jinsi alivyomkumbatia Tusekile siku ile, jinsi alivyompa mtungi wake wa hewa kwa kuwa ulikuwa umejaa zaidi na njia ilikuwa ndefu. Tusekile alikuwa amekataa kidogo, akaupokea. Alikuwa amesema, "Nitakurudia, dada." Kwa miaka yote ya kifungo, maneno hayo ndiyo yaliyomlaza na kumwamsha. Hata leo, wakati Tusekile anakiri uongo wake, Subilaga alikuwa tayari moyoni kumtetea: aliogopa, alimpenda mtoto, alijikwaa akashindwa kuinuka. Sasa alijaribu tena kutafuta la kumtetea, akakosa.

"Nitasema mbele ya hakimu wenu," alisema Anselmo. "Sina cha kuogopa, miji imepatana. Utarudishiwa haki zako, basi."

"Unajua watamfanya nini Tusekile?"

"Watamfunga?"

"Kisima hakifungi watu. Aliyetoa ushahidi wa uongo mbele ya baraza hunyimwa maji na moto."

Anselmo alikunja uso, hakuelewa. Subilaga akamweleza. Kule Roma, mtu akinyimwa maji na moto, maana yake ilikuwa afukuzwe. Hakuna aliyeruhusiwa kumpa tone wala kaa la jikoni, kwa hiyo alikwenda kuishi nchi nyingine. Waanzilishi wa Kisima walilichukua neno hilo kama lilivyokuwa. Lakini Roma ilizungukwa na nchi za watu. Kisima kimezungukwa na baridi inayogandisha hewa ya pumzi kabla haijafika midomoni.

"Mlishawahi kumfanyia mtu hivyo?"

"Mara moja. Alitolewa nje ya lango bila suti. Sikuwa na nguvu ya kutazama."

*

Kisima kilianzishwa na watu wa nchi saba, waliogombana tangu wakiwa safarini juu ya sheria ya nani itumike. Kila sheria iliyotajwa ilikuwa na mwenyewe aliyeketi pale akijivuna, na mwingine aliyekumbuka jinsi babu zake walivyotawaliwa kwayo. Mwisho walichagua sheria ya watu ambao hawapo tena. Hakukuwa na Mrumi ndani ya chombo. Wakaondoa utumwa, wakaondoa uwezo wa baba kumuuza mwanawe, wakabakiza mengine. Kwenye ukumbi wa mji walitundika mabamba kumi na mawili ya shaba, kwa sababu Warumi wa kale walifanya hivyo, siku wanyonge wao walipochoka na sheria iliyojulikana na makuhani peke yao. Kila mtoto wa Kisima alijifunzia kusoma pale.

Jambo moja zaidi walilichukua. Kule Roma, afisa aliyeitwa pretori hakuamua kesi. Alisikiliza pande mbili, akatunga swali, kisha akalikabidhi swali hilo kwa raia wa kawaida ambaye wagombanao wote wawili walimkubali. Raia yule ndiye aliyetafuta ukweli na kujibu. Waanzilishi walipotengeneza mashine yao walishika kanuni hiyo kwa nguvu zote. Waliogopa mashine itakayouliza na kujijibu.

Raia waliyemkubali wote wawili alikuwa Bi. Nafula, mama wa makamo aliyesimamia bustani za chini. Alikuja ukumbini na udongo kwenye kucha, akakaa chini ya mabamba. Watu walikuwa wamejaa. Nyuma ya ukuta wa kioo usiopitisha sauti, upande wa watoto, kulikuwa na msichana mwenye nywele zilizosukwa mafundo mawili, akipuliza mvuke kwenye kioo na kuchora kwa kidole. Subilaga alimjua kwa masikio yake. Yalikuwa masikio ya marehemu baba yake Subilaga, aliyoyarithi yeye pia. Alielewa pia kwa nini Tusekile amemleta.

Taa ya Pretori iliwaka.

"Nafula Wekhanya, uwe mwamuzi," ilisema. "Ikiwa itaonekana kwamba Subilaga Mwaisumo alibaki Mwamba bila hiari yake, au kwa hofu, au kwa hila, umrudishie vyote vyake. Isipoonekana, umkatalie."

"Nimelisikia swali," Bi. Nafula alisema. "Subilaga, mwanangu, wewe ndiye mdai. Una shahidi?"

Anselmo alikuwa amesimama mlangoni, kofia ya suti yake kwapani. Subilaga aliinuka. Alitazama kioo. Lugano alikuwa amechora nyumba, na sasa alikuwa akimpungia mkono Tusekile, akicheka kwa mdomo uliokuwa hauna meno ya mbele. Siku Tusekile atakapotolewa nje ya lango, mtoto huyu atakuwa amepoteza mama mara mbili, na mara ya pili mwenye kumwondolea atakuwa mwanamke mgeni asiyemjua.

"Shahidi ninaye," alisema Subilaga. "Lakini kabla ya shahidi, nampa mpinzani wangu kiapo."

Ukumbi ukavuma. Bi. Nafula aliinua mkono.

"Unajua unachokifanya? Eleza, ili na watu wasikie."

"Najua, mama. Mdai anaweza kumpa mpinzani wake nafasi ya kuapa. Mpinzani akiapa, kesi imekwisha, ameshinda, na hakuna shahidi atakayesikilizwa tena hata akija na mlima wa ushahidi. Akikataa kuapa, ameshindwa, nami narudishiwa haki zangu. Lakini anayekataa kiapo haulizwi zaidi ya hapo. Hahukumiwi kwa uongo."

"Maana yake unamwachia yeye kila kitu."

"Ndiyo."

"Shahidi wako amesimama pale mlangoni, Subilaga. Kwa nini usimlete?"

"Nikimleta, Tusekile atatoka nje."

Bi. Nafula alimtazama kwa muda mrefu kuliko inavyopasa hakimu. Alionekana kama mtu anayetaka kumshika mkono na kumkalisha chini. "Aape kwa nini? Ni haki yako kutaja."

Kila mtu alijua jibu la kawaida. Watu wa Kisima waliapa kwa vichwa vya watoto wao. Tusekile alifumba macho, akingoja kusikia jina la Lugano.

"Aape kwa jina la mama yetu mzazi, Atupele," alisema Subilaga. "Na maneno ni haya: kwamba dada yangu alibaki Mwamba kwa hiari yake, bila hila yangu wala ya mtu mwingine."

Aliposikia "hila yangu", Tusekile alifumbua macho. Alimtazama dada yake, kisha akageuka akamtazama yule mtu wa Mwamba aliyesimama mlangoni, na safari hii alimkumbuka. Alijua kwamba Subilaga anajua. Alijua pia ameletewa nini: njia ya kutoka bila kuumia. Alichotakiwa kusema ni neno moja, siapi, kisha arudi nyumbani na kumgawana mtoto na dada yake.

Subilaga aliliona hilo likipita usoni mwake. Aliona midomo ikifunguka. Kwa muda mfupi alimwona Tuse wa zamani, aliyekuwa akimfuata kila mahali ameshika pindo la gauni lake, na moyo wake ukaenda mbio kwa furaha ya kijinga.

Tusekile akatazama kioo. Kisha akanyoosha koti lake, akainua mkono.

"Naapa kwa jina la mama yangu mzazi, Atupele, kwamba dada yangu alibaki Mwamba kwa hiari yake, bila hila yangu wala ya mtu mwingine."

Hakukwama popote. Sauti yake ilifika mpaka viti vya nyuma.

Vidole vya Bi. Nafula vilikuwa vikisugua udongo uliokauka kwenye kucha. "Nimesikia kiapo," alisema mwishowe. "Sina la kuamua."

"Anadanganya!" Anselmo alipiga kelele kutoka mlangoni. "Nilikuwepo! Niulizeni mimi!"

"Kiapo kimefunga kesi," ilisema Pretori.

"Basi nyie na mashine yenu ni wapumbavu!"

Lekishon alimshika mkono, akamtoa nje taratibu, yeye mwenyewe akipangusa macho kwa mkono wa shati. Watu walianza kutoka bila kutazamana. Tusekile alibaki. Alikuja hadi pale Subilaga alipokuwa amesimama, akanyoosha mkono kama anayetaka kumgusa bega.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini. "Dada, nielewe. Singeweza kumgawa. Ungekuja nyumbani, kidogo kidogo angekuwa wako wote. Nitahakikisha unapata chumba kizuri. Dada?"

"Unamwita nani?" Subilaga aliuliza. "Dada yako alikufa Mwamba. Kiapo chako kwa jina la mama kimemwacha huko huko."

*

Pretori ilimwandikisha mgeni siku iliyofuata. Ilimweleza masharti: atapata chumba upande wa mashariki, maji na joto kwa kipimo cha wageni. Hatashuhudia dhidi ya raia. Hatapinga kwa kauli kiapo kilichofunga kesi. Akifanya hivyo, mji utamrudisha alikotoka, au utafunga bomba lake.

"Unaruhusiwa kuchagua jina jipya," ilisema. "Raia Tusekile Mwaisumo ameleta ombi kwamba uchague."

"Jina langu linatosha."

"Limeandikwa. Una swali?"

Alikuwa nalo. Alikuwa amelala nalo.

"Kiapo kimenifanya nisiwe raia, nisiwe mama kisheria, nisiwe dada. Je, kimefanya nisiwe nimemzaa?"

Taa ilififia kidogo, kama ilivyofanya kila mara Pretori ilipokwenda mbali ndani ya vitabu vya wale watu wa kale.

"Sheria ya mji yaweza kufuta kile ambacho mji ulitoa," ilijibu. "Uraia ulitolewa na mji. Damu haikutolewa na mji. Hakuna kanuni ya kuifuta."

"Asante."

"Si jibu litakalokupa haki yoyote mahakamani."

"Najua," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nikifundisha."

Anselmo aliondoka kurudi Mwamba. Alimsihi waende wote. Alimwambia kule angalau watu wanajua kwamba alikuwa mfungwa. Subilaga alimshukuru, akabaki. Alipata kazi ya kufua vichujio vya hewa, kazi waliyopewa wageni. Raia waliomfahamu walipokutana naye njiani walimwita mwalimu kwa sauti ya kunong'ona na kupita haraka. Tusekile hakuja tena, wala hakumleta mtoto, wala ile habari ya mama mkubwa haikutajwa.

Lugano alikuja mwenyewe. Ilikuwa saa ya watoto kutoka shule. Alisimama kwenye mlango wa chumba akiwa na begi mgongoni, akachungulia kwanza, kisha akajitokeza mzima.

"Shikamoo."

"Marahaba," alisema Subilaga. Kichujio alichokuwa akikifua kilimponyoka kikaanguka sinkini.

"Wewe ndiye mgeni kutoka Mwamba?"

"Ndiye mimi."

"Wenzangu wanasema ulikuwa unagombana na mama."

"Tulikuwa na kesi. Imekwisha."

Mtoto aliyatafakari hayo, akisukuma ufizi wake kwa ulimi, pale jino jipya lilipokuwa linachomoza. "Unaitwa nani?"

"Subilaga."

"Ehe! Mama yangu wa zamani aliitwa hivyo hivyo. Alikuwa mwalimu. Alituacha akaenda kukaa na watu wa kwenu kwa sababu walimpa nyumba kubwa."

Alilisema hilo bila uchungu, kama jambo alilolijua siku zote. Pengine hilo ndilo lililomuuma Subilaga zaidi ya kiapo. Angeweza kustahimili kuwa mgeni, na hata kuwa marehemu. Lakini mtoto alikuwa amekulia ndani ya uongo ule, akalala juu yake kila siku, akaamini kwamba kuna nyumba mahali fulani iliyompendeza mama yake kuliko yeye.

"Nani alikuambia alikuacha?"

"Mama."

Ukutani, juu ya kitanda, taa ya kijani ilikuwa inawaka. Pretori ilisikiliza kila chumba cha upande wa mashariki, na haikuficha. Subilaga aliitazama, kisha akalitazama bomba lililokuwa likidondosha maji polepole juu ya kichujio.

"Hakukuacha," alisema.

Lugano alikunja uso. "Umejuaje?"

"Nilikuwa naye. Alifungiwa mlango. Kila siku alikuwa akikutaja."

"Mama amesema..."

"Najua alivyosema."

Mtoto alisimama pale, mkono mmoja umeshika mkanda wa begi. Hakukimbia. Alitazama nyuma kwenye korido, kisha akamtazama tena mwanamke huyu mgeni, masikio yake, mikono yake yenye sabuni, kama anayehesabu kitu asichokijua jina.

"Sasa hivi yuko wapi?"

Taa ya kijani iliongezeka mwanga. Subilaga alijifuta mikono kwenye gauni, akavuta kiti cha pili, akakiweka karibu na chake.

"Vua begi, ukae," alisema. "Nitakueleza tangu mwanzo."